Ngano Ina Majina Mengi: Kusoma Lebo za Vyakula kwa Asiyekula Gluteni

Mkebe wenyewe ulikuwa mdogo, ukiufumbata kwa vidole hauonekani. Mvuje. Ulikaa kabatini jikoni kwetu Kibokoni, Mombasa, nyuma ya bizari na iliki, na kwa miezi minne sikuwahi kuusoma. Vingine vyote nilishavisoma: biskuti, sosi, maziwa ya unga, hata dawa ya meno. Mvuje sikuusoma kwa sababu kwangu mimi haukuwa chakula. Tumekua tukiuona ukifungwa mtoto mchanga asiumwe na tumbo, na jikoni nautia kwa ncha ya kijiko tu, kwenye dengu. Binti yangu alikuwa ameacha mahamri, ameacha chapati, ameacha mkate, na bado kila baada ya siku mbili tatu tumbo lilimvimba akalala magoti yakiwa kifuani. Siku niliyouchukua mkebe ule nikausogeza dirishani, herufi zake ndogo zilisema hivi, kwa mpangilio huu: wheat flour, edible gum, asafoetida. Ngano ndiyo iliyotangulia. Mvuje ulikuwa wa tatu.

Haya nayaandika kwa yule aliyetoka hospitali juzi, karatasi mkononi, ameambiwa "usile gluteni" na hakuambiwa zaidi. Nami niliambiwa hivyo hivyo, nikashuka ngazi nikiamini nimeelewa.

Kabla hujaacha chochote, pimwa

Kipimo cha damu cha siliaki (coeliac), ugonjwa unaomfanya mtu azuiwe gluteni, hutafuta kingamwili ambazo mwili huzitengeneza wakati bado unakula gluteni. Ukiiacha wiki kadhaa ndipo ukaenda kupimwa, majibu yanaweza kutoka safi na huku unaumwa. Kwa hiyo endelea kula mkate wako mpaka damu itolewe, na kama daktari anataka kupitisha kamera achukue kinyama cha utumbo, mpaka hilo nalo liishe. Nawaona wengi wanaanza kujitibu kwa kusikia, kisha hawajui tena walichokuwa nacho.

Siliaki si tumbo kukataa chakula fulani. Kinga ya mwili yenyewe inaugeukia utumbo mwembamba. Ndani ya utumbo huo kuna vijinyuzi vidogo mfano wa manyoya ya zulia, ndivyo vinavyofyonza chakula; gluteni ikiingia, vinashambuliwa na kulala. Ndiyo maana mtoto anakula sahani nzima na hanenepi, damu inapungua, kimo kinasimama. Aliyeigundua sababu ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem-Karel Dicke. Katika njaa ya majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, mkate ulipoadimika nchini kwao, watoto wenye siliaki walipata nafuu. Mkate uliporudi wakaugua tena. Mwaka 1950 aliyaandika hayo katika tasnifu yake, na tangu hapo dawa ni ile ile moja: usile gluteni, maisha.

Hatua ya kwanza: jua unachokitafuta

Gluteni ni protini. Ndiyo inayofanya donge la mahamri livutike lisikatike, na likaumuka. Iko katika nafaka tatu: ngano, shayiri na rai, ambayo kwenye lebo za Kiingereza ni rye. Rai huku kwetu si ya kawaida, utaikuta zaidi kwenye mikate na biskuti ngumu za Ulaya. Kazi yako kubwa ni ngano na shayiri.

Na hapo kwenye shayiri lugha yetu wenyewe inaweza kukuponza. Wengi wetu tukisema uji wa shayiri tunakusudia oti, zile nyeupe zilizobanjwa za kwenye pakiti iliyoandikwa oats. Shayiri yenyewe kwa lebo za Kiingereza ni barley. Ni nafaka mbili tofauti. Barley haifai kabisa. Oats kwa asili hazina gluteni ya ngano, lakini hulimwa, hubebwa na kusagwa pamoja na ngano, kwa hiyo za kawaida za dukani usizitegemee. Ziwe zimeandikwa gluten free, na hata hizo mwulize daktari kwanza, maana wako wagonjwa wachache ambao oti safi pia huwadhuru.

Vilivyobaki ni vyako: mchele, mahindi, mtama, wimbi, mawele, muhogo, viazi, ndizi, dengu, mbaazi, kunde, pojo, nazi, samaki, nyama, mayai, maziwa. Nilipokaa nikahesabu, niliona jiko la Pwani halijatutupa. Wali wa nazi, sima, mbaazi, muhogo wa nazi, samaki wa kupaka, vitumbua, vibibi, mkate wa kumimina: bibi zetu walivipika vyote bila punje ya ngano. Ngano ya kujificha imetuingilia kwa pakiti, chupa na mikebe. Ndiyo maana kinachotakikana ni kujua kusoma, zaidi ya kujua kupika.

Hatua ya pili: geuza pakiti

Upande wa mbele umeandikwa kwa ajili ya kuuza. Natural, hakuna sukari, nguvu kwa watoto, hayo hayakuhusu. Na alama tunazoziamini kwa mambo mengine hazisemi lolote kuhusu gluteni. Alama ya halali inakuambia halali. Alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, inakuambia bidhaa imefuata kiwango chake. Doa la kijani ndani ya kisanduku, lile la bidhaa za India, linakuambia hamna nyama. Ngano ni mmea, kwa hiyo biskuti ya ngano ina doa la kijani vizuri kabisa. Nimemsikia mwuzaji akimhakikishia mama mmoja kwamba doa hilo maana yake ni salama kwa wagonjwa wa tumbo. Alisema kwa nia njema, na alikosea.

Geuza. Tafuta neno ingredients. Wakati mwingine limefunikwa na kibandiko cha bei au cha mwingizaji. Kibandue, au mwombe mwuzaji akibandue. Kama hakitoki na huwezi kusoma, rudisha rafuni.

Viungo hupangwa kwa uzito, kilicho kingi mbele, kilicho kidogo nyuma. Mpangilio huo ndio ulionifumbua macho kwenye mvuje.

Hatua ya tatu: anza kusoma mwisho

Hii ni njia yangu mwenyewe na nakuhimiza uijaribu. Ukianza mwanzo, jicho linakutana na nyanya, maji, sukari, chumvi, linatulia, na likifika mstari wa tatu limeshachoka. Wheat flour ikiwa ya kwanza utaiona tu, haijifichi. Ya kujificha hukaa mkiani: kimea cha kuongeza ladha, wanga wa kuzitisha, protini ya kukoleza. Basi weka kidole kwenye neno la mwisho kabisa upande juu, neno moja moja. Macho hayawezi kuruka kwa sababu sentensi haina mtiririko.

Kuwe na mwanga. Maduka mengi ya mitaani yana giza la mchana. Mimi hupiga picha lebo kwa simu kisha naikuza. Herufi ambazo haziwezi kusomeka kwa jicho zinasomeka hivyo.

Hatua ya nne: majina yake

Hapa ndipo pa kukaa.

Ngano yenyewe huitwa wheat, na hilo ni rahisi. Lakini pia ni semolina, durum, spelt, bulgur, couscous, farina, seitan, na graham. Kwenye bidhaa za India na Pakistan, ambazo maduka yetu yamejaa, ni atta, maida, suji au rava, na dalia. Atta sote tunaijua kwa chapati, ila nimeshamwona mtu akinunua kitafunio kilichoandikwa maida akidhani ni kitu cha mahindi. Maida ni unga mweupe wa ngano.

Kuwa makini na gram na graham. Gram flour ni unga wa dengu, ndio besan, ndio wa bajia; ni salama. Graham flour ni ngano nzima. Herufi mbili tu.

Kisha kimea. Kwa Kiingereza ni malt, yaani nafaka iliyooteshwa ikakaushwa, na lebo ikisema malt bila kutaja nafaka, ichukulie ni shayiri. Malt extract, malt syrup, malt flavouring, zote ndizo hizo. Utazikuta kwenye vinywaji vya unga vya watoto vya rangi ya kahawia, kwenye chokoleti zenye kokwa za kuvunjika, na kwenye cornflakes. Hizo cornflakes zimewaponza wengi kwa sababu jina ni mahindi, na ni mahindi kweli, ila nyingi hutiwa kimea cha shayiri kwa ladha. Na tukielekea Ramadhani, maduka hujaa vinywaji vya kimea visivyo na kileo, vya tufaha, vya komamanga. Kutokuwa na kileo hakukuondoi kwenye shayiri. Malt vinegar ni siki ya kimea, nayo iache. Siki nyeupe ya kawaida haina shida.

Sosi ya soya. Watu wanaiona nyeusi, majimaji, wanasema unga utatoka wapi. Nyingi hutengenezwa kwa maharagwe ya soya na ngano pamoja, vikachachushwa. Soma chupa: water, soybeans, wheat, salt. Na sosi hiyo ndiyo inayolowekwa mishkaki na kuku siku hizi, kwa hiyo nyama tupu iliyochomwa mkaani inaweza kuwa na ngano ndani yake. Tamari, sosi ya soya ya namna nyingine, isiyo na ngano, ipo katika maduka makubwa ya Nyali, ghali. Mimi naloweka kwa ndimu, tangawizi, thomu na pilipili, kama tulivyofunzwa.

Soseji, smoki na mipira ya nyama ya pakiti: tafuta rusk, breadcrumbs, cereal, binder. Rusk ni mkate mkavu uliosagwa wa kujaza nyama.

Supu za pakiti, vidonge vya mchuzi, viungo vya mchuzi vya unga: hivi hutaka kuzitishwa, na cha kuzitisha ni wanga au unga. Starch ya mahindi, maize au corn, ni sawa. Ya muhogo, tapioca, ni sawa. Ikiwa ni starch tu au modified starch bila kutaja chanzo, angalia bidhaa imetoka wapi. Ulaya na Marekani ikiwa imetoka kwenye ngano sharti waiandike. Kwingine, mimi naiacha. Hydrolysed vegetable protein nayo ni hivyo hivyo, mboga yenyewe inaweza kuwa ngano. Yeast extract inaweza kutoka kwenye hamira ya pombe ya shayiri. Hamira ya kawaida ya kuumulia unga haina neno.

Unga wa uji wa mchanganyiko unastahili mstari wake. Mama anaona wimbi, mtama, soya, njugu, mchicha, anafurahi. Katikati yake mara nyingi wamechanganya na ngano. Binti yangu alikunywa uji wa namna hiyo akiwa mchanga, na siku hizi nasaga wimbi peke yake.

Na mvuje, nirudi kwake, kwa sababu hauishii mkebeni. Uliochanganywa huandikwa compounded asafoetida au hing, na umo ndani ya achari za chupa, papari, na baadhi ya bizari zilizokwisha changanywa. Huko mara nyingi haandiki tena mtu kwamba mvuje wenyewe umechanganywa na nini. Ipo mikebe iliyochanganywa na unga wa mchele badala ya ngano. Tafuta rice flour kwenye lebo. Niliipata baada ya kuzunguka maduka manne pale Biashara Street, na mwenye duka la nne, mzee mmoja, alinitolea mikebe yote sita aliyokuwa nayo akaipanga juu ya meza. "Soma, binti yangu," aliniambia, "mimi miaka yote nauza, sijawahi kuisoma." Tukaisoma pamoja. Miwili tu ndiyo iliyofaa.

Yako pia majina yanayotisha bure. Buckwheat si ngano ingawa imebeba jina lake. Glutinous rice ni mchele wa kunata, hauna gluteni. Monosodium glutamate ni kikolezo, si gluteni. Maltodextrin haimo katika kundi la kimea, na glucose syrup hata ikitengenezwa kwa ngano imesafishwa mpaka Ulaya wameiondolea sharti la kuitaja. Nayataja kwa sababu mtu akianza kuogopa kila neno, anaishia kumlisha mtoto wali mtupu, na mtoto anaumia kwa njia nyingine.

Hatua ya tano: lebo isiyo ya Kiingereza

Mombasa ni bandari. Rafu moja ya duka ina tambi za Italia, biskuti za Uturuki, tende za Oman, jibini ya Misri. Ukijua Kiingereza peke yake umesoma nusu ya rafu.

Kwenye Kiarabu wengi wetu tuna mtaji ambao hatuutumii. Tumekaa chuoni, tumefunzwa herufi, tunaweza kusoma hata kama hatuelewi kila neno. Basi yajue haya machache. قمح ni ngano, na حنطة pia ni ngano. شعير ni shayiri, na ukiitamka utasikia ndiko tulikolitoa neno letu. دقيق ni unga. Ukiliona peke yake bila kutajwa unga wa nini, chukulia ni wa ngano. سميد ni semolina, برغل ni bulgur. نشا ni wanga, na unauliza wa nini. شعيرية inafanana na shayiri lakini ni tambi nyembamba, na tambi hizo ni za ngano. Kwa vyovyote haifai. Unachotaka kuona ni خالي من الغلوتين, haina gluteni, na mahali pengine utaiona imeandikwa kwa jimu: الجلوتين.

Kituruki: buğday ni ngano, arpa ni shayiri, çavdar ni rai, irmik ni semolina, nişasta ni wanga. Mısır ni mahindi, usidhani wanaitaja nchi ya Misri. Glutensiz ndiyo unayoitafuta. Kwa Kiitaliano tafuta senza glutine, na orzo ni shayiri.

Bidhaa za Umoja wa Ulaya zina msaada mmoja mkubwa. Sheria yao ya mwaka 2011 inataka vitu vinavyodhuru watu vitokezwe ndani ya orodha, kwa kawaida kwa herufi nzito. Ukiona neno limekolezwa wino, kaa nalo. Marekani ni tofauti kidogo na ni muhimu ujue: sheria yao ya mwaka 2004 inalazimisha ngano itajwe, lakini haikulazimisha shayiri wala rai. Pakiti ya Marekani inaweza kuwa na mstari wa Contains usiotaja wheat, na bado kimea cha shayiri kimo juu yake. Kwa hiyo mstari huo wa chini usikutoshe. Soma orodha nzima.

Kwa ajili hiyo hiyo, wheat free si gluten free.

Kikomo cha 20, na yale maneno ya "may contain"

Codex, ambayo ndiyo kielelezo cha viwango vya vyakula kwa nchi nyingi, inasema chakula kikiitwa gluten free kisizidi miligramu 20 za gluteni kwa kilo. Kipande kimoja cha mkate kina karibu gramu 2 za gluteni. Piga hesabu: gluteni ya kipande hicho kimoja ingetosha kukifikisha kikomoni chakula cha kilo 100, magunia mawili ya mchele ya kilo hamsini hamsini. Na utafiti umeonyesha kwamba miligramu 50 kwa siku, kwa miezi mitatu, zinaharibu utumbo wa mgonjwa. Hiyo ni sehemu moja ya arubaini ya kipande cha mkate.

Nilikuwa na hesabu hiyo kwenye karatasi siku mama yangu aliponiambia, "Mwanangu, kiduchu hakimdhuru, mtoto atadhoofika." Alikuwa ameshika kipande cha kaimati, macho yamemjaa huruma kwa mjukuu wake. Nikamwambia, "Mama, wewe ndiye uliyenifunza haba na haba hujaza kibaba." Alikaa kimya kitambo. Akakirudisha kaimati sahanini, na tangu siku hiyo ndiye mkali kuliko mimi.

Maneno may contain wheat, au made in a facility that handles wheat, yanamaanisha ngano haikutiwa makusudi lakini kiwanda au mashine ni moja. Mwandishi wa lebo hakulazimika kuyaweka mahali pengi, kwa hiyo kutokuwepo kwake si ushahidi wa usafi. Yakiwepo, mimi siinunui. Kwa unga wa aina yoyote, hata wa mchele, nataka iwe imeandikwa gluten free au niusage mwenyewe. Alama ya suke la ngano lililopigwa mstari ndani ya duara inatolewa kwa leseni, nayo naiamini.

Visivyo na lebo

Chakula cha kupima hakina pa kusoma. Marikiti, Kongowea, dukani mtaani, unga wa mchele na unga wa ngano hukaa gunia kwa gunia na kibaba ni kimoja. Nunua nafaka nzima, ichague, ioshe, kisha saga. Bizari vile vile: nunua nzima, kaanga, saga nyumbani.

Kinu cha mtaani ni tatizo kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Mtu wa mbele yako amesaga ngano, na kilo ya kwanza ya mahindi yako inatoka na ngano yake. Kuomba uwe wa kwanza asubuhi hakusaidii kama hakikusafishwa jana usiku. Kwa vibibi na mkate wa kumimina hatuhitaji kinu: mchele unarowekwa usiku, asubuhi unasagwa na tui kwenye blenda, hamira, iliki, basi. Nina blenda ambayo haijawahi kuona kitu kingine.

Bajia na viazi karai, uliza unga gani. Wapo wanaotumia dengu tupu, wapo wanaochanganya na ngano, na wote rangi ni ile ile ya manjano. Kisha uliza karai. Chipsi ni viazi na mafuta tu, lakini mafuta yaliyotoka kukaanga sambusa si salama. Katlesi na kababu nyingi zina mkate ndani. Bokoboko ni ngano moja kwa moja. Mkate wa mofa asili yake ni mtama, uliza kama umechanganywa. Haluwa ni uwanga, uliza uwanga wa nini. Krisps za muhogo pale Mama Ngina, chumvi, pilipili na ndimu: hizo tunakula, baada ya kuangalia kama karai hilo linakaanga muhogo peke yake.

Soma tena, hata unachokijua

Kiwanda hubadilisha viungo bila kubadilisha picha ya mbele. Pakiti uliyoinunua mwezi wa tatu si lazima iwe sawa na ya mwezi wa tisa. Mimi naweka picha ya lebo ya mwisho kwenye simu, nailinganisha pale pale dukani. Lebo isipoeleweka, kuna nambari ya simu ya kampuni juu yake, piga, uliza swali moja lililo wazi, "Wanga huu umetokana na nini?" Wakikujibu kwa kuzungukazunguka, acha. Dawa za vidonge nazo hushikanishwa kwa wanga. Mwulize mfamasia akuangalizie kila unapopewa dawa mpya.

Na mtoto akiwa mbali nawe

Shuleni, madrasa, harusini, kwa khalati yake Mtwapa, hutakuwapo kugeuza pakiti. Binti yangu ana miaka tisa sasa na anajua kusoma kutoka mwisho. Hata hivyo nimemtengenezea kadi, nikaipeleka kwenye duka la fotokopi ikatiwa plastiki, inakaa mfuko wa mbele wa begi. Unaweza kuinakili kama ilivyo:

*Nina ugonjwa wa siliaki. Siwezi kula ngano, shayiri wala rai, hata chembe. Tafadhali niambie: Ni unga gani umetiwa? Mafuta haya yamekaangia nini kabla? Sosi hii ni ya chupa? Kama ni ya chupa, naomba niione chupa. Kama huna hakika, usijali, nina chakula changu. Ahsante.*

Nyuma yake kuna nambari yangu, na ya bibi yake.